Polipu: Mnyama Aliye Ndani ya Tumbawe Laini

Polipu ni mnyama mdogo wa majini mwenye mwili kama kifuko. Upande mmoja ameshikamana na mwamba au na nyama ya kundi lake, na upande wa pili ana mdomo uliozungukwa na minyiri. Mdomo huo ndio tundu lake pekee: chakula huingilia hapo, na mabaki hutokea hapo hapo. Kile kinachoitwa tumbawe, mara nyingi, ni kundi la polipu wengi walioungana mwili.

Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni "miguu mingi". Wagiriki wa kale walimwita hivyo pweza. Katika karne ya 18 lilihamia kwa viumbe hawa wadogo, hasa baada ya Abraham Trembley, aliyekuwa akiishi Uholanzi, kuchapisha mwaka 1744 uchunguzi wake juu ya haidra, polipu wa maji matamu. Kiswahili kimelipokea kwa sura ya polipu. Matabibu nao hulitumia kwa kinyama kinachoota puani au kwenye utumbo, na hapo upatanisho ni wa kitu: polipu imekatwa. Kwa kiumbe wa baharini upatanisho unaofaa ni wa mnyama: polipu amejifunga, polipu wamefunguka. Tumbawe hubaki na upatanisho wake: tumbawe limepauka. Tofauti hiyo ndogo ya sarufi ina faida kubwa kwa anayefuga matumbawe katika tangi la maji ya bahari, kwa sababu humkumbusha kwamba anachokitazama kinapumua, kinakula na kinaweza kufa.

Istilahi ya pili, matumbawe laini, huwashangaza watu wa pwani. Kwao tumbawe ni jiwe kwanza, lile lililojengewa nyumba na misikiti ya Lamu, Kilwa na Unguja. Lakini lipo kundi kubwa la matumbawe yasiyojenga mwamba. Badala ya kiunzi kigumu, nyama yake imejaa vijiti vidogo sana vya chokaa, na kila polipu ana minyiri 8 yenye vitawi pembeni kama unyoya. Jenasi za Sarcophyton, Sinularia na Xenia zimo humo. Zinapatikana katika Bahari ya Hindi, na ndizo zinazofugwa sana majumbani. Ndani ya nyama za polipu wengi wa kundi hili huishi seli za mwani zinazotengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga na kumlisha mwenyeji wao.

Polipu wanapoonekana wagonjwa, kazi ya kwanza ni kutofautisha hali tatu ambazo watu huzichanganya. Kujifunga ni pale polipu wanaporudi ndani ya nyama na kundi kubaki uso mtupu. Rangi ipo, nyama ni ngumu. Kupauka ni kupoteza mwani au rangi yake: kundi huwa jeupe au la kung'aa kupita kiasi, ingawa polipu wenyewe bado wako hai. Kuoza ni nyama kulainika, kugeuka kahawia au nyeusi, kumeguka na kunuka. Ya kwanza mara nyingi huhitaji subira, ya pili huhitaji kurekebisha mazingira, na ya tatu haingoji hata siku moja.

Mfano bora wa kujifunga ni Sarcophyton, tumbawe lenye umbo la uyoga. Siku moja polipu wake wote hutoweka, kichwa hunywea, kisha juu yake hutanda utando mwembamba unaong'aa kama nta. Mfugaji mgeni hudhani limekufa na kulitupa. Kumbe linajichubua: linaondoa mwani na uchafu ulioganda juu ya ngozi yake. Siku kadhaa baadaye, pengine wiki moja au mbili, utando hubanduka na polipu hutokeza tena. Msaada pekee linaouhitaji ni mkondo wa maji wa kutosha kupeperusha utando huo. Kulishikashika wakati huo ni kulichelewesha.

Kundi likikaa limejifunga bila utando wowote, maji ndiyo yapimwe kwanza. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na amonia isionekane kabisa kwenye kipimo. Maji yanayopotea kwa kukauka huacha chumvi nyuma, kwa hiyo tangi hujaziwa maji matamu yaliyochujwa, si ya bahari. Shaba, hata kidogo, ni sumu kwa polipu; dawa nyingi za samaki zina shaba, na tangi lililowahi kutibiwa kwa dawa hizo halifai matumbawe.

Baada ya maji ni mwanga. Taa mpya yenye nguvu huunguza kundi lililozoea kivuli, na dalili yake ni kupauka kunakoanzia upande wa juu. Mwanga ukipungua mno, kundi hurefuka na kuinamia upande wenye taa. Mabadiliko yafanywe polepole, kwa wiki kadhaa, na kitu kimoja kwa wakati; anayebadili taa, maji na mahali siku hiyo hiyo hatajua kilichoponya wala kilichodhuru.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ugomvi wa majirani. Matumbawe laini hayana silaha ya kuonekana, lakini humwaga majini kemikali zinazozuia mengine kukua. Katika bahari kemikali hizo huchukuliwa na maji. Katika tangi hubaki na kujikusanya. Tiba yake ni mkaa wa kuchujia unaobadilishwa mara kwa mara, kubadilisha sehemu ya maji, na kuacha nafasi kati ya kundi na kundi. Usiku, kwa tochi, yafaa pia kuwatafuta konokono na kaa wanaokula polipu gizani.

Palipooza hukatwa kwa wembe mkali mpaka kwenye nyama nzima, kisha kipande kisafishwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi hilo hilo na kuwekwa penye mkondo mzuri. Matumbawe laini huponya majeraha vizuri, na vipande vyake huota kuwa makundi mapya.

Wauzaji huwaweka pamoja na matumbawe laini polipu wa jenasi za Zoanthus na Palythoa, ingawa kisayansi ni ukoo mwingine. Baadhi yao hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zijulikanazo kwa viumbe hai, nayo huingia mwilini kupitia jeraha, macho au mvuke. Anayewakata avae glavu na miwani ya kukinga macho, na asichemshe kamwe mawe waliyoota juu yake: familia nzima zimewahi kufikishwa hospitali kwa kuvuta mvuke huo.