Jino Dogo la Ndovu

Mtoto wa Kinyamwezi aliyetamani kuiona pwani hakuanza na mzigo wa wakubwa. Alipewa jino dogo la ndovu, akaliweka begani, akafuata nyuma ya baba au mjomba wake. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliwaona watoto hao na kuandika habari zao. Mwaka baada ya mwaka jino lilizidi uzito, hata kijana akaweza frasila mbili, kama kilo 32, kutoka Unyanyembe, nchi ya Tabora hiyo, hadi Bagamoyo pwani.

Siku hizi taasisi za utafiti wa sera za nje zina programu za wanagenzi. Vijana huchaguliwa, wakakaa mwaka mmoja au miwili chini ya msimamizi, wakisoma, wakiandika na kuhudhuria vikao vya wakubwa. Wengi wanaamini mpango huo umetoka Ulaya na Marekani. Mimi nasema Unyamwezi uliujua kabla hatujaandikiwa mitaala.

Mtazame kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara na bendera yake. Mali haikuwa yake. Wapagazi walimfuata kwa sababu aliijua njia: maji yako wapi, pori lipi la kupita usiku, mtemi yupi anataka salamu ya namna gani. Ugogoni msafara ulisimama siku nzima, pengine siku kadhaa, hongo, yaani ushuru wa kupita, ikijadiliwa. Doti ngapi za kitambaa cha merikani? Kaniki je? Na shanga, za rangi gani? Neno moja la kiburi liliongeza doti. Yule mtoto wa jino dogo alikaa pembeni, akasikia wazee wanasema nini, na zaidi ya hapo, wananyamaza wakati gani.

Kutoka katika dunia hiyo ya misafara alitokea Mtemi Mirambo. Alipigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871, lakini hakutegemea bunduki peke yake. Mwaka 1876 alichanjiana damu na msafiri Stanley. Mwaka 1879 alimpokea Urambo, makao yake, daktari mmisionari Ebenezer Southon, na barua za Mirambo zilimfikia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar.

Waingereza nao, walipotawala, walitaka kulea vijana kwa namna yao: walifungua Shule ya Tabora mwaka 1925, wakiwalenga hasa watoto wa watemi. Julius Nyerere, mtoto wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937.

Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1978 na serikali mbili, Tanzania na Msumbiji. Msumbiji ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, na FRELIMO yenyewe iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kusini, Rhodesia na Afrika Kusini zilikuwa bado mikononi mwa walowezi na makaburu. Katika hali hiyo, nchi mbili zisizo na fedha ziliamua kuwalea pamoja vijana wa kuzisemea. Uamuzi huo unanigusa kila ninapoukumbuka. Leo chuo kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyepelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kabla chuo hicho hakijakuwepo. Yeye alifundishwa na njia yenyewe.

Njia ya namna hiyo bado ina ya kufundisha, hata katika kijiji cha Lusu. Lusu iko wilayani Nzega, kaskazini mwa Tabora, upande wa kuelekea Ziwa Victoria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikutana na wageni wengine, kampuni ya Resolute ya Australia, iliyochimba dhahabu katika mgodi wa Golden Pride, wa kwanza mkubwa wa kisasa katika Tanzania huru. Mgodi sasa umefungwa. Walioishi nao wapo, na wanakumbuka nini kiliahidiwa na nini kilifika.

Enyi mnaosimamia wanagenzi wa sera za nje, msiwaweke kwenye kumbi za Dar es Salaam na Dodoma tu. Waleteni Lusu wiki mbili. Wakae na wazee wa kijiji, wasikilize, kisha ndipo waandike kuhusu mikataba na wageni.