Kusoma Kihispania Salamanca: Hivi Ndivyo Siku Inaenda Ukikaa na Familia ya Wenyeji

Ukisikia msee ameenda Uhispania kusoma Kihispania, unawaza darasa, ubao na daftari. Kumbe darasa ni nusu tu ya mchezo. Likiisha mchana unarudi kwa keja ya watu, unakaa kwa meza yao, na hapo ndo doo uliyolipa inarudi ama inapotea.

Mbona Salamanca?

Ni mji mdogo wa majengo ya mawe ya dhahabu, kama kilomita 200 magharibi mwa Madrid. Chuo kikuu chake kilianzishwa 1218 na bado kinafundisha. Pia kinashiriki kutunga mtihani wa DELE, cheti cha Kihispania kinachotolewa na Instituto Cervantes kuanzia A1 hadi C2. Ukikipata, hakina tarehe ya kuisha. Ndo maana wanafunzi wamejaa huko, na kuna familia zinazokaribisha mgeni, chumba na dishi vikiwa kwa bei moja.

Siku inavyoenda

Asubuhi ni nyepesi: kahawa ya maziwa na mkate wa kuchoma uliopakwa mafuta ya zeituni na nyanya, ama biskuti tu. Usingoje mayai na smokie.

Lunch ni saa nane hadi saa tisa, na ndo dishi kubwa ya siku. Raundi ya kwanza kamande ama supu, ya pili nyama ama samaki, kisha tunda. Mkate hauondoki mezani. Maduka mengi madogo hufungwa masaa hayo, so usipange kununua kitu.

Jioni kuna merienda, kitu kidogo ya kushikilia tumbo, kwa sababu supper inaingia saa tatu ama saa nne usiku. Ukiambiwa ni tortilla, usiwaze chapati ya Wamexico. Hapa ni mayai na viazi.

Hata salamu zinafuata dishi: wengi watakuambia "buenos días" saa saba mchana, bora hawajakula lunch.

Sobremesa, hapo ndo kuna kazi

Watu wakimaliza kula, hawasimami. Wanabaki wakipiga story: mpira, siasa, jirani, bei ya vitu. Hiyo ndo sobremesa. Wiki ya kwanza maneno yatakupita kama matatu za Thika Road. Utatabasamu tu, useme "gracias", ukimbie chumbani kuchat na mabeshte wa home.

Ukifanya hivyo kila siku, miezi itaisha ukijua kuagiza kahawa pekee. Badala yake:

- Kaa dakika kumi zaidi, hata kama hushiki kitu.
- Kuja na swali moja kila siku. "Hii inaitwaje?" inatosha kuanza.
- Andaa story moja fupi ya siku yako darasani.
- Mwambie mathe wa nyumba akurekebishe ukikosea. Wengine hunyamaza kwa heshima.
- Saidia kutoa vyombo. Jikoni mtu huongea polepole.

Kiswahili kinakubeba

Vokali za Kihispania ni a, e, i, o, u, kama zetu tu. Ñ ni "ny" ya nyanya. J ni "kh" ya Khadija. Z, kwa Kihispania cha huko, ni "th" ya thelathini. H haitamkwi kabisa. Mtu wa Kiingereza atapambana na vokali wiki kadhaa, wewe unasoma tu vile imeandikwa.

Sheria za nyumba

Usitembee miguu tupu, beba slippers. Oga haraka, maji moto ni pesa. Mara nyingi nguo hufuliwa mara moja kwa wiki, uliza siku gani. Kama hutakuja kula, sema mapema. Mkubwa anza kumwita "usted" mpaka akuambie utumie "tú", na haitachukua muda.

Kama huli nguruwe, sema kabla ya kusafiri, si mezani. Guijuelo, mji unaojulikana kwa ham, uko mkoa huo huo, na nyama hiyo huingia hata kwa kamande. Beba pia jacket ya ukweli. Mji uko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Januari si ya mchezo.

Visa

Kozi isiyozidi siku 90 inaenda na visa ya Schengen. Ikizidi hapo, unahitaji visa ya mwanafunzi. Anza mapema.

Kichwa kitauma wiki za kwanza, ni kawaida. Siku utacheka mzaha wa mezani kabla ya kuutafsiri kichwani, jua lugha imeingia.