Nyaraka za Wafungwa

Kabla posta wala stempu hazijajulikana katika pwani yetu, wakati habari zilipokuwa zikichukuliwa na manahodha na wasafiri kutoka bandari hata bandari, watu wa Lamu na Pate walikuwa wamekwisha kuhifadhi katika nyimbo zao kisa cha mfungwa aliyepeleka ujumbe kwa mama yake mbele ya macho ya walinzi wake, nao wasitambue. Mfungwa huyo ni Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913. Twaambiwa kwamba Liyongo, akiwa katika minyororo kwa amri ya mfalme wa Pate, aliletewa chakula kila siku na kijakazi Saada, na kila siku walinzi walikipokonya kile chakula kizuri wakakila wao. Ndipo Liyongo alipomtamkia Saada maneno ya shairi amfikishie mama yake, kwamba aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate ule wa makapi waliudharau, wakauachilia upite. Na usiku wa ngoma ya gungu, kelele za matari na matoazi zilipokuwa zimehanikiza, Liyongo alikata pingu zake.

Ikiwa kisa hiki ni tarehe au ni ngano iliyokolezwa na wasimulizi, si neno. Ndani yake mna jambo ambalo limekuwa kweli katika kila zama: ya kuwa mwenye mamlaka, akiisha kuufunga mwili wa mtu, husimama mlangoni akichungua kila kiingiacho, na ya kuwa akraba wa mfungwa nao hawachoki kutafuta njia ya kumfikia. Tena kinachotafutiwa njia si tupa sikuzote. Mara nyingi ni habari tu, ili yule aliyefungwa ajue kwamba kwao angali akihesabiwa.

Serikali za kikoloni zilipojenga magereza ya mawe na kuyawekea kanuni, waraka wa mfungwa ulifanywa kuwa mali ya serikali kabla haujawa mali ya mwenyewe. Katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, tangu mwaka 1952 hata 1960, maelfu ya watu walipozuiliwa Manyani, Mackinnon Road na hata Takwa katika kisiwa cha Manda, kinachoelekeana na mji wa Lamu, wengi wao waliandika: kwa wake zao, kwa maofisa wa serikali, na hata kwa wabunge wa Uingereza. Josiah Mwangi Kariuki, aliyepitishwa katika kambi nyingi za namna hiyo, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi barua za malalamiko zilivyotolewa kambini kwa siri, na jinsi mwandishi wake alivyoweza kuadhibiwa kwa ajili yake.

Lakini mahali ambapo mambo haya yamehifadhiwa kwa tafsili kubwa ni Robben Island, kisiwa kilicho mkabala wa Cape Town, ambako Nelson Mandela na wenziwe waliohukumiwa kifungo cha maisha walipelekwa mwaka 1964. Wafungwa wa huko waligawanywa katika madaraja manne, na wale wa siasa walianzia daraja la chini kabisa, ambalo mtu wake aliruhusiwa kuandika barua moja na kupokea barua moja katika kila miezi sita, na kutembelewa na mtu mmoja tu katika muda huo huo. Barua yenyewe haikutakiwa kuzidi maneno 500, nayo haikuweza kwenda ila kwa jamaa wa karibu. Mandela aliandika baadaye kwamba kizuizi hiki kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokosa utu kabisa katika maisha yale, na hakuna ajabu, kwa kuwa mume aliyepewa maneno 500 kwa nusu mwaka hana budi kuchagua kama atauliza habari za ada ya shule, au za maradhi ya mama, au atamwambia mkewe kwamba anamkumbuka.

Wakaguzi wa gereza hapo awali walifuta kwa wino kila sentensi wasiyoipenda. Walipotambua kwamba wafungwa waliweza kuuosha wino ule wakayasoma maneno yaliyofichwa chini yake, waliacha wino wakashika nyembe, wakawa wakizikata sentensi hizo na kuzitoa. Na kwa sababu karatasi huandikwa pande mbili, kila neno lililohukumiwa upande huu liliangamia pamoja na neno lisilo na hatia upande wa pili. Hivyo mtu aliyesubiri miezi sita alikabidhiwa vipande vya karatasi vilivyojaa matundu. Pengine hakukabidhiwa chochote, bali aliambiwa kwamba barua yake imefika ila hawezi kupewa, wala sababu asielezwe.

Kwa kuwa hakuweza kuwa na yakini ya barua ipi imefika na ipi imezuiwa, Mandela alikuwa na desturi ya kunakili barua zake katika madaftari yenye majalada magumu. Madaftari mawili yalichukuliwa na wakuu wa serikali, na hayakurudi mikononi mwake hata mwaka 2004, aliporejeshewa na askari mmoja wa usalama wa zamani aliyekuwa ameyatunza. Humo ndimo ilimoonekana barua ya Juni 1969 aliyowaandikia binti zake Zenani na Zindziswa, wangali watoto wadogo, kuwaarifu kwamba mama yao naye amekamatwa, na kuwatayarisha kwa muda mrefu wa kuishi pasipo baba wala mama. Watoto hawakuipata barua hiyo.

Mwaka huo huo aliitwa ofisini akapewa simu ya maandishi, yenye sentensi moja tu, kwamba mwanawe wa kwanza, Thembi, amefariki katika ajali ya gari. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Na katika misiba yote miwili aliomba idhini ya kwenda kuzika, akanyimwa.

Picha nazo zilikuwa na kazi yao, ambayo maneno hayakuiweza. Katika chumba chake Mandela aliweka taswira ya mkewe Winnie, akawa akiipangusa vumbi kila asubuhi kwa uangalifu, na katika barua alimwandikia kwamba kazi hiyo humrudishia raha ya siku zao za zamani. Na kwa kuwa watoto wasiotimiza miaka 16 hawakuruhusiwa kuzuru kisiwa, Zindziswa alipofikishwa mbele ya baba yake mwaka 1975, alikuwa hajaonana naye tangu umri wa miaka mitatu. Alimjua kwa picha kuukuu zaidi kuliko kwa kumbukumbu. Picha hizo ndizo zilizomfanya baba huyo asiwe mgeni kwa damu yake mwenyewe.

Katika pwani yetu, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya karatasi ya siasa aliyoiandika, yenye kichwa «Kenya: Twendapi?», akakaa kifungoni miaka mitatu, sehemu kubwa peke yake. Hakuruhusiwa kuandika, akayaandika mashairi yake kwa siri juu ya karatasi za msalani, yakatolewa nje kwa siri vile vile, hata yakachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Wasomi huyataja kama fasihi, na ni haki yao. Lakini kwa asili yake kazi ile ni waraka wa mfungwa kwa watu wake, katika bahari na vina walivyovijua tangu enzi za mshairi Muyaka, ulioandikwa na mtu ambaye kanuni za gereza hazikumwachia hata yale maneno 500.

Mwaka 1955, katika mkutano wa Geneva, mataifa yalikubaliana kwamba mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na rafiki zake kwa barua na kwa kutembelewa. Na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulizifanyia marekebisho kanuni hizo ukazipa jina la Mandela. Kuandikwa kwa sheria ni jambo jema, lakini sheria haimwandikii mtu barua. Wako leo, katika magereza ya nchi zetu, wezi na wadaiwa na mahabusi wasiokwisha kuhukumiwa, ambao jamaa zao wameacha kuwaandikia kwa sababu ya aibu, au kwa kudhani kwamba hawana la maana la kusema. Nao wanakosea, kwa kuwa kinachotakiwa na mfungwa si maneno makubwa: aelezwe nani ameoa na nani amezaliwa, mvua zimenyeshaje, mwembe wa nyuma ya nyumba umezaa au haukuzaa, apelekewe na picha ya mtoto akiwa katika sare ya shule. Hakimu amemnyima mfungwa njia ya kutoka, na pengine kwa haki; lakini kumtoa katika hesabu ya ukoo wake si kazi ya hakimu, na jamaa wasiomwandikia humwongezea adhabu ambayo hakuna mahakama iliyoitamka.