Nakuru, mji uliobanwa kati ya Menengai na ziwa

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika kando ya Ziwa Nakuru mwaka 1900, na mji ukaota pale pale kituoni. Kaskazini umezibwa na Menengai, shimo la volkeno lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 90. Kusini kuna ziwa la magadi lisilo na mto wa kutolea maji: Njoro, Makalia na Nderit huingia, lakini kinachopunguza maji ni jua. Ndiyo maana Nakuru umerefuka kuelekea Lanet upande mmoja na Njoro upande wa pili.

Watu walikuwapo zamani sana. Kwenye kilima cha Hyrax Hill, pembeni mwa mji, Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 akakuta makaburi ya kale na mashimo waliyofugia mifugo wakazi wa baadaye. Wamaasai nao walilisha ng'ombe bonde lote hili, na masimulizi yao yanasema kundi la Wapurko liliwashinda Wamaasai wenzao, Walaikipia, kwenye ukingo wa Menengai katika karne ya 19. Kisha yakaja mapatano ya 1904 na Waingereza, yaliyowekwa sahihi na laiboni, yaani kiongozi wa kiroho, Olonana na wazee wenzake, na Wamaasai wakahamishwa kutoka ardhi ya kando ya reli, wengine Laikipia, wengine kusini. Sioni jina la kuyaita isipokuwa kunyang'anywa.

Ardhi ikawa ya walowezi, Lord Delamere akiwa mbele kule Njoro. Ila jembe halikushikwa na wao. Lilishikwa na maskwota, wengi wao Wakikuyu, waliokuja na familia zao wakitumaini shamba na malisho. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Mjini walowezi wakajenga ofisi za chama chao cha wakulima, KFA, ambacho jina lake bado linabebwa na kituo cha kushukia matatu. Wahindi walifungua maduka, na Waafrika wa kila kabila wakapangiwa Bondeni, ambako jirani na jirani walisikilizana kwa Kiswahili.

Zao lililoupa mji huu sifa duniani ni pareto. Asiyeijua angedhani ni ua la kupamba meza: petali nyeupe, kitovu cha manjano. Kule Molo na Mau Narok mchumaji hupita mstari kwa mstari akikata kichwa cha ua kwa vidole, bila kikonyo, na kukitupia kikapuni. Kisha maua huanikwa mpaka yakauke kabisa, maana yakibaki na unyevu huoza kwenye gunia. Kiwandani Nakuru hukamuliwa sumu inayoua mbu na wadudu wengine bila kumdhuru sana binadamu. Kenya iliwahi kuuza sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia. Baadaye malipo yakachelewa, wakulima wakangoja miaka, na wengi wakaing'oa wakapanda viazi. Siwalaumu hata kidogo, kwani karo ya mtoto haingoji hundi.

Tarehe 12 Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alikuja Nakuru kuzungumza na walowezi waliokuwa wakihofia kufukuzwa. Aliwaomba wabaki walime, akasema yaliyopita yasamehewe. Walitulia. Skwota aliyekuwa nje ya ukumbi hakupewa ahadi ya aina hiyo. Wengine walipata ploti kwenye skimu za makazi, wengine walinunua kwa vikundi, wengine hawakupata kitu. Hesabu hiyo ilibaki wazi, na mwaka 1992, kisha mapema 2008, ilidaiwa kwa moto na mapanga katika ghasia za wakati wa uchaguzi, kuanzia Molo na Olenguruone hadi mitaa ya mjini.

Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi Nakuru hati ya jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wakati huo ziwa lilikuwa limeshaanza kudai nafasi yake. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote, upepo ukipeperusha unga mweupe wa magadi hadi mjini. Tangu mwaka 2010 hivi limefura, likameza lango kuu la zamani la mbuga ya wanyama inayolizunguka na kuingia nyumba za watu Mwariki na Kwa Rhoda. Maji yalipozidi, magadi yakapungua nguvu, chakula cha heroe kikaadimika, na ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Wenye nyumba hawana mbawa. Mtu aliyenunua ploti yake kwa jasho sasa ana hati ya kipande kilicho chini ya maji, na bado anatafuta ofisi itakayomweleza kama kipande hicho ni chake au ni cha ziwa.