Mali Bila Daftari: Safari ya Seti Kutoka Katalogi Hadi Kompyuta



Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo linamhusu kila mwenye duka, lakini linamhusu zaidi yule anayeuza seti, yaani vitu kadhaa vinavyokusanywa pamoja na kuuzwa kwa bei moja. Wengi wetu huku ughaibuni tunaifahamu biashara hiyo. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, maduka yetu hufunga maboksi ya futari: tende, unga, sukari, mchele, pengine na tambi. Mteja huona boksi moja. Mwenye duka hana budi kuona vitu vitano, kila kimoja na hesabu yake. Tofauti hiyo imewahangaisha wafanyabiashara kwa zaidi ya miaka mia moja, na ni miongoni mwa sababu za kuzaliwa kwa programu zinazoendesha maghala ya leo.

Tuanzie Marekani, mwaka 1908, ambapo kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago ilianza kuuza nyumba kwa katalogi. Mnunuzi alichagua ramani, akalipa, na vifaa vikamfikia kwa garimoshi: mbao, misumari, milango, madirisha. Baadaye mbao zilikuwa zikikatwa kiwandani kwa vipimo na kupigwa namba, ili fundi afuate ramani tu. Nyumba moja iliweza kuwa na vipande karibu 30,000, na hadi biashara hiyo ilipofungwa mwaka 1940 inakadiriwa nyumba zipatazo 70,000 zilikuwa zimeuzwa. Kompyuta haikuwapo. Kazi yote ilisimama juu ya karatasi, yaani orodha ya vipande vya kila aina ya nyumba. Orodha ikikosea, fundi alikuwa kijijini, mbali na Chicago, na paa lisilotimia.

Viwandani nako orodha ya namna hiyo ilitumika, ila swali gumu lilikuwa jingine: uagize lini, na kiasi gani? Desturi ilikuwa kuweka kiwango cha chini kwa kila kitu. Kikifikiwa, unaagiza tena. Kwa bidhaa inayouzwa peke yake desturi hiyo yafaa. Kwa seti inadanganya. Chukueni seti ya vitu 10, na kila kimoja kinapatikana stoo mara 90 katika kila mara 100. Mtu atadhani mambo ni mazuri. Lakini ukipiga hesabu, uwezekano wa kuvikuta vyote 10 kwa pamoja ni takriban asilimia 35 tu.

Aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wengine ni Joseph Orlicky, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akifanya kazi J.I. Case, watengenezaji wa matrekta wa mji wa Racine, Wisconsin. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Matrekta mangapi yatauzwa, hilo ni la kukisia. Magurudumu mangapi yatahitajika, hilo si la kukisia hata kidogo: linatokana na idadi ya matrekta, kwa hiyo lipigiwe hesabu. Hesabu yenyewe ilikuwa ndefu mno kwa makarani, lakini kompyuta iliiweza. Mwaka 1975 Orlicky alichapisha kitabu chake, Material Requirements Planning, na njia hiyo ikaenea viwandani.

Wakati huohuo safari ya mwezini ilileta orodha kubwa zaidi. Chombo cha Apollo na roketi yake vilikuwa na vipande vya kuhesabika kwa mamilioni. Kuanzia 1966, IBM ikishirikiana na kampuni ya anga iliyojulikana baadaye kama Rockwell, pamoja na Caterpillar, ilitengeneza programu ya kutunza orodha hizo. Ilipangwa mfano wa mti: shina ni chombo kizima, matawi ni sehemu zake, na majani ni vipande vidogo. Ilianza kazi mwaka 1968, na kwa jina la IMS ikaendelea kutumika katika mabenki na makampuni mengine makubwa.

Kompyuta ndogo zilipoenea katika miaka ya 1980, hesabu za matrekta na maroketi zikashuka hadi kwa muuza duka. Turudi basi kwenye boksi letu la futari. Tuseme kila boksi lina pakiti moja ya tende, mbili za unga na moja ya sukari. Stoo kuna tende 100, unga 60, sukari 45. Una maboksi mangapi? Ni 30, kwa sababu unga ndio unaokwisha kwanza. Na mteja mwingine akinunua pakiti 10 za unga peke yake, yamebaki 25, ijapokuwa hakuna aliyegusa boksi lolote.

Programu nzuri hutambua hayo yenyewe. Ukiwa unafunga maboksi mapema, siku ya kufunga hupunguza vitu na kuongeza maboksi. Ukiwa unafunga pale tu mteja anapolipa, hupunguza vitu wakati wa mauzo. Idi ikipita na maboksi manane yakabaki, unayafungua, na unga unarudi kwenye hesabu ya unga. Anayeandika maboksi bila kupunguza vitu anahesabu mali ileile mara mbili, halafu anapokea malipo ya maboksi asiyonayo.

Hapo ndipo penye uzito. Fedha hizo za mapema mara nyingi ni sadaka ya mtu, au zawadi kwa mama yake, na aliyezipokea amepokea amana. Kompyuta hujua lile tu iliyoambiwa. Orodha ikisema unga pakiti moja ilhali boksini ziko mbili, itakosea kwa kasi kuliko karani yeyote. Kwa hiyo, kabla ya kununua programu, ingieni stoo, hesabuni kilichopo, andikeni kila boksi lina nini. Daftari limebadilika sura, lakini anayelijaza ni yuleyule mwenye mali.