Larnaca: marina ndogo na bibi aliyeomba naye apande chombo



Picha za maharusi juu ya yoti katika Bahari ya Mediterania zimejaa kwenye simu zetu siku hizi. Hatuna ugomvi nazo. Ila huko kuna marina moja ndogo ambayo kwa mwanamke wa Kiislamu ina uzito kuliko zile zenye majina makubwa. Ni ya Larnaca, katika kisiwa cha Kupro, ambacho Waarabu hukiita Qubrus. Boti hufungwa mjini hapo hapo, karibu na barabara ya ufukweni yenye safu ya mitende, na wageni wengi huishia hapo: aiskrimu, picha, wanarudi chomboni. Kilomita chache mbele, kando ya ziwa la chumvi, ndipo panapotajwa kuwa kaburi la Bi Umm Haram bint Milhan (RA).

Alikuwa Answari wa Madina, wa Bani Najjar, dada yake Ummu Sulaym, kwa hiyo ni khalati yake Anas bin Malik aliyemhudumia Mtume (SAW). Mumewe ni Ubada bin Samit. Mtume alikuwa akiingia nyumbani kwake, na wanazuoni wameeleza kuwa alikuwa mahram wake. Siku moja alikula kwake, akalala, akaamka mwenye furaha. Bibi akauliza kulikoni. Akaambiwa kuwa Mtume ameonyeshwa watu wa umma wake wakisafiri baharini mfano wa wafalme juu ya viti vya enzi. Hapa ndipo tunapopapenda sisi. Bi Umm Haram hakusema mashaallah akanyamaza. Aliomba aombewe naye awemo, na akaombewa. Mtume akalala tena, akaonyeshwa kundi jingine, bibi akaomba tena! Akajibiwa kuwa yeye ni wa lile la mwanzo.

Sasa fikirini: Madina haina bahari, na Waislamu wakati ule hawakuwa na jeshi la majini. Mtume akafariki mwaka 11 Hijria. Akatawala Abubakar, kisha Umar. Muawiya, liwali wa Sham, akamwomba Umar ruhusa ya kuvuka kwenda Kupro, Umar akakataa katakata kwa kuchelea roho za Waislamu juu ya maji. Miaka inakwenda, bibi anazeeka na dua yake.

Ruhusa ikatoka kwa Uthman, lakini kwa sharti: Muawiya asisafiri ila awe na mkewe chomboni. Na asilazimishwe mtu, aende anayetaka. Ukilitazama vizuri, sharti lile la mke lina akili sana. Muawiya alikuwa akisema bahari ni nyepesi na kisiwa ki karibu. Haya, kama ni nyepesi kweli, mpandishe na umpendaye. Sharti kama hili tungependa kulisikia kwenye khutba za nikaha, maana wako wengi ambao safari ni zao na kungoja ni kwa wake zao.

Basi Muawiya akamchukua mkewe, Fakhita bint Qaraza, na Ubada akamchukua Bi Umm Haram. Walitoka Akka, pwani ya Sham, mwaka 28 Hijria, sawa na 649. Bibi alikuwa amesubiri si chini ya miaka 17. Kutoka Akka hadi Larnaca ni kama kilomita 260, zaidi kidogo ya Unguja hadi Mombasa, bila injini, bila kitanda cha foronya nyeupe.

Watu wa Kupro walikubali sulhu ya dinari 7,200 kwa mwaka. Bibi hakurudi Madina. Aliletewa mnyama wa kupanda, akamwangusha, akafariki. Wako wanaosema ni aliposhuka tu chomboni, na wako wanaosema ni wakati wa kuondoka. Akazikwa huko huko, na watu wa kale wa kisiwa wakaliita kaburi la mwanamke mwema.

Msikiti uliopo leo, wenye kuba na mnara mmoja katikati ya mitende, ulijengwa zama za Waturuki wa Usmani. Unaitwa Hala Sultan Tekke. Kwa Kituruki hala ni shangazi, ingawa udugu unaotajwa ni wa ukhalati. Husimuliwa kuwa merikebu zao zikipita mbele ya Larnaca zilishusha bendera nusu mlingoti na kupiga mizinga kwa heshima yake. Nahodha mzima, na mizinga yake, anamsalimia bibi!

Atakayefika aende na mtandio na nguo ya kujistiri, atie udhu, asali rakaa mbili msikitini, amtolee bibi salamu. Dua aiombe kwa Allah peke yake, si kwa aliyelala. Majira ya baridi ziwani huwa na heroe, wale ndege wa waridi, na kiangazi maji hukauka ikabaki chumvi nyeupe tupu.

Na asiye na pesa ya yoti asihuzunike. Uwanja wa ndege wa Larnaca uko kando ya ziwa hilo hilo.