Majivu ya Nguzo ya Kijani

Nilipofika bandari ya Itungi, wilayani Kyela, nilikula wali na samaki kwa mama mmoja anayepika kando ya njia iteremkayo ziwani. Kati ya mafiga yake palikuwa na kipande cha nguzo kuukuu ya umeme, chenye ukijani uliofifia. Majivu aliyamwaga kwenye tuta la mboga. Nilipomwambia, kwa heshima, kwamba mti ule una sumu, alinitazama kwa utulivu akauliza: “Kama ni sumu, baba, mbona waliuacha njiani?”

Sikuwa na jibu la haraka. Jibu lake ni historia, na historia hiyo ni ndefu kuliko nguzo yenyewe.

Kromiamu iligunduliwa mwaka 1797 na mkemia Mfaransa, Vauquelin. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, na ni rangi iliyoipa soko: viwanda vya nguo na vya rangi viliipokea kwa shangwe. Madhara hayakuchelewa. Mwaka 1827 tabibu William Cumin wa Glasgow alieleza vidonda vilivyotoboa mikono ya watia rangi waliotumia chumvi za kromiamu. Mwaka 1890, huko huko Scotland, iliripotiwa saratani ya pua ya mfanyakazi wa rangi za kromiamu. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kromiamu ya daraja la sita katika kundi la visababishi vilivyothibitika. Toka kidonda cha kwanza hadi tamko hilo ni miaka 163.

Nguzo zetu ziliingia katika simulizi hii kupitia India. Mwaka 1933 mtaalamu wa misitu Sonti Kamesam alibuni dawa ya kuhifadhi mbao yenye shaba, aseniki na kromiamu. Shaba huzuia ukungu, aseniki huua mchwa, na kromiamu huzifunga zote mbili ndani ya mti zisioshwe na mvua. Ulikuwa uvumbuzi wa manufaa makubwa, na nchi za joto ziliuhitaji kuliko nyingine. Mikaratusi na misindano ya Nyanda za Juu Kusini ilitiwa dawa hiyo, na baada ya Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 nguzo zikaenea hadi vijiji ambavyo havikuwa vimewahi kuona taa ya umeme.

Tuwe waadilifu: nguzo iliyosimama si adui. Ndani ya mti uliokauka vema, kromiamu hugeuka kuwa ya daraja la tatu, ambayo hupenya kwa shida katika seli za mwili. Hatari huamshwa na moto. Aseniki hupanda na moshi na kubaki majivuni, na sehemu ya kromiamu hurudi katika daraja la sita.

Kromiamu hiyo ni mgeni mwenye hila. Umbo lake hufanana na la salfeti, chumvi ambayo seli huihitaji, hivyo hufunguliwa mlango bila kuulizwa. Ikishaingia, seli hujaribu kuipoza kwa vitamini C na glutathioni, na katika mapambano hayo huzaliwa chembe kali zinazochana utando wa seli, protini na hata vinasaba. Tumbo hupoza sehemu kubwa ya kilichomezwa. Kinachosalia hupita utumboni na kupelekwa na damu moja kwa moja kwenye ini, kisha figo huachiwa kazi ya kukichuja. Anayemeza kiasi kikubwa huweza kupoteza ini na figo kwa siku chache. Anayevuta vumbi lake kwa miaka hudhurika pua na mapafu.

Wengine walijifunza kwa gharama. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za familia ya watu wanane wa Wisconsin waliougua kwa kuchoma mbao zilizotiwa dawa hii, aseniki ikiwa ndiyo mshitakiwa mkuu. Kufikia mwaka 2004, Marekani na Ulaya zilikuwa zimeiondoa katika mbao za majumbani.

Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozungumzia taka hatarishi. Lakini sheria haiwezi kumfikia mama wa Itungi ikiwa nguzo iliyong'olewa inaachwa kando ya barabara kama zawadi. Kuni ni ghali; mtu hawezi kulaumiwa kwa kuokota kilichotupwa. Anayeng'oa nguzo ndiye anayepaswa kuihesabu, kuibeba na kuihifadhi, na kuwaeleza wanakijiji kwa lugha yao kwamba mti wa kijani hauchomwi, wala majivu yake hayalishi mboga.

Siku ile mama yule aliuvuta mti ule kutoka motoni. “Ndaga,” akasema, asante. Kisha akatuma mtoto kutafuta kuni nyingine. Yeye alitimiza wajibu wake kwa dakika moja. Waliouacha njiani bado wanadaiwa jibu.